Shajara ya mradi: Kuchagua vifaa vya kupima kivuli kabla ya kufunga paneli za sola

Ingizo la 1: Kipimo kitupe nini

Mradi unatafuta seti moja ya vifaa vya kupima kivuli ambayo kila fundi atakwenda nayo anapokagua paa. Sharti lake kubwa ni hili: mafundi wawili wakipima paa lilelile kwa nyakati tofauti, takwimu zao zilingane. Zisipolingana, tuweze kuona ni nani aliyekosea na kwa kiasi gani, bila kulazimika kurudi juu ya paa.

Kabla ya kutazama kifaa chochote tumekubaliana mambo matatu ambayo ukaguzi lazima uyatoe. La kwanza ni mstari wa upeo: orodha ya kila kizuizi, kiko upande gani kwa digrii kutoka kaskazini halisi, na kilele chake kiko digrii ngapi juu ya usawa wa macho. La pili ni asilimia ya jua linalobaki, mwezi kwa mwezi. La tatu, ambalo ripoti nyingi hulisahau, ni saa ambazo kivuli kinagusa paneli na ni paneli zipi kinazigusa.

Bila hilo la tatu, mbunifu wa mfumo hana anachoweza kufanya. Ripoti inayosema tu kwamba jua linalobaki ni asilimia 92 kwa mwaka inaweza kuwa inaeleza kilima kinachochelewesha jua asubuhi kwa paneli zote kwa pamoja. Inaweza pia kuwa inaeleza bomba la moshi linalotembeza kivuli chembamba juu ya paneli mbili kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mfumo wa kwanza utapoteza takribani kile kilichotabiriwa. Wa pili unaweza kupoteza zaidi sana, kwa sababu tutakazozieleza katika ingizo la umeme.

Tumetenganisha pia vitu viwili ambavyo huchanganywa. Jua linalobaki ni uwiano wa mwanga unaofika kwenye paneli kukiwa na vizuizi dhidi ya mwanga ambao ungefika bila vizuizi, paneli ikiwa katika mlalo na mwelekeo uleule. Hasara ya mwelekeo ni jambo lingine: ni kiasi kinachopotea kwa kuwa paa halikuelekea vizuri. Paa lenye jua la asilimia 92 na mwelekeo unaotoa asilimia 95 ya mwelekeo bora lina jumla ya asilimia 87.4. Fundi akiripoti 87 bila kusema ni ya nini, mteja anaweza kukata mti usio na kosa lolote.

Ingizo la 2: Vifaa vilivyowekwa mezani

Makundi ni manne.

Kuna kuba ya kuakisi, na inayojulikana zaidi ni Solar Pathfinder. Ni kuba ya plastiki angavu juu ya karatasi yenye mchoro wa njia za jua, ikiwa na dira na pimamaji ya duara. Unaiweka mahali paneli itakapokaa, unaisawazisha, unaigeuza kufuata kaskazini, kisha unaona taswira ya miti na majengo imelala juu ya mchoro. Unachora mpaka wa taswira hiyo kwa kalamu nyeupe, au unaipiga picha kutoka juu, macho yakiwa sentimita 30 hadi 45 juu ya kuba. Kila tao la mwezi limegawanywa kwa nusu saa na kila nusu saa ina namba yake. Namba za mwezi mzima zikijumlishwa hutoa 100. Unajumlisha zilizo nje ya kivuli, basi. Kuba haina betri wala haihitaji jua kuwaka, kwa hiyo siku ya mawingu inafanya kazi vilevile, pengine vizuri zaidi kwa sababu hakuna mng'ao. Udhaifu wake ni karatasi: kila ukanda wa latitudo una mchoro wake, na fundi aliyebeba mchoro usio wake hatapata onyo lolote.

Kundi la pili ni kamera: vifaa vyenye lenzi ya jicho la samaki vilivyotengenezwa kwa kazi hii, kama SunEye ya Solmetric, na kamera za kawaida za digrii 360 ambazo picha zake huchambuliwa baadaye kwenye kompyuta.

La tatu ni programu za simu zinazochora njia ya jua juu ya picha ya kamera, kama Sun Seeker na Sun Surveyor.

La nne ni uundaji wa jengo kwenye kompyuta kutokana na picha za satelaiti au za droni: Aurora, HelioScope, PVsyst, na SAM ambayo ni ya bure na ina sehemu yake ya kuchora majengo na miti kwa pande tatu.

Pembeni ya makundi hayo ipo njia ya zamani ya dira na klinometa (kifaa cha kupima pembe ya mwinuko), kalamu na karatasi. Hatujaiondoa, na kadiri kazi inavyoendelea imezidi kupanda hadhi, kwa kuwa ndiyo tunayotumia kukagua nyingine zote.

Kigezo chetu cha kuamua kimebadilika. Tulianza na usahihi ulioandikwa kwenye boksi. Sasa tunauliza: je, kifaa hiki kinaacha ushahidi wa kosa lake? Kifaa chenye kosa la digrii 3 linaloonekana kwenye rekodi na kusahihishika ni bora kuliko chenye kosa la digrii 1 kwa ahadi, ambacho siku kikikosea kwa digrii 15 hakuna atakayejua.

Ingizo la 3: Kaskazini

Kosa kubwa kuliko yote katika upimaji wa kivuli ni kaskazini. Vifaa vyote vya makundi matatu ya kwanza hutegemea dira, na paa ndilo mahali pabaya zaidi pa kutumia dira. Mabati ya chuma, nondo za zege, boliti, ngazi ya chuma, hata kishikio cha simu chenye sumaku, vyote huvuta sindano. Juu ya bati la chuma dira inaweza kupotoka kwa makumi ya digrii na bado ikatulia kana kwamba iko sawa. Bati la alumini halina tabia hiyo, ila misumari na kenchi za chuma zilizo chini yake zinayo.

Juu ya hilo kuna tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi. Sehemu nyingine za dunia tofauti hiyo ni karibu na sifuri, nyingine inapita digrii 15, na inabadilika mwaka hadi mwaka. Modeli ya dunia ya usumaku, ambayo hutumika kukokotoa tofauti hiyo, hutolewa upya kila miaka mitano, na toleo linalotumika ni la 2025. Programu ya simu ya zamani yenye toleo lililopitwa huongeza kosa lake kimyakimya. Baadhi ya programu hurekebisha tofauti hiyo zenyewe na baadhi hazirekebishi. Fundi akirekebisha kwa mkono kile ambacho simu imekwisha kurekebisha, kosa linarudi upande wa pili.

Kosa hilo lina uzito gani? Chukua latitudo ya digrii 35, siku fupi kuliko zote. Kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana kwa saa ya jua (saa 6 ikiwa ni wakati jua liko juu kabisa), jua husogea kama digrii 43 kwenye dira, yaani kidogo zaidi ya digrii 14 kwa saa. Dira ikikosea kwa digrii 10, kivuli cha mti kinahama kwa dakika 40 hivi kwenye ripoti. Ikiwa dakika hizo ziko karibu na adhuhuri, ndizo zenye nishati nyingi.

Njia za kupata kaskazini bila dira tulizozikubali ni tatu, kwa mpangilio wa upendeleo.

Njia ya kwanza ni jua lenyewe. Mwelekeo wa jua kwa tarehe, saa na mahali fulani unajulikana kwa usahihi kuliko dira yoyote ya mkononi. Ukipiga picha ya digrii 360 jua likiwa ndani ya picha, na saa ya kamera ikiwa sahihi, unalinganisha mahali jua lilipo kwenye picha na mahali linapotakiwa kuwa. Tofauti ndiyo kosa la kaskazini, na unalitoa kwenye vipimo vyote kwa pamoja. Kwa kuba ni hivyohivyo: mng'ao wa jua kwenye kuba unatakiwa uangukie tao la mwezi husika na saa husika ya jua, usipoangukia hapo, geuza kuba mpaka uangukie. Kwa programu ya simu, jua lililochorwa linatakiwa lifunike jua la kweli. Fanya hivi jua likiwa kati ya digrii 20 na 50 juu ya upeo. Likiwa karibu na utosi, mwelekeo wake hauna maana: kwenye mwinuko wa digrii 80, kosa la digrii moja ya anga linageuka kuwa karibu digrii 6 za dira. Na usilitazame jua kwa macho kupitia lenzi yoyote.

Njia ya pili ni picha ya satelaiti. Pima mwelekeo wa mgongo wa paa au wa ukuta mrefu kwenye picha, kisha ukiwa juu ya paa elekeza kifaa sambamba na mgongo huo. Urefu una umuhimu: ukikosea nusu mita kwenye ukuta wa mita 10, kosa ni karibu digrii 3; kwenye mita 30 ni chini ya digrii moja.

Njia ya tatu ni timazi. Ning'iniza uzi wenye uzito. Wakati wa adhuhuri ya jua kivuli chake kinalala kaskazini-kusini. Adhuhuri hiyo si saa 6 kamili ya saa ya mkononi. Kila digrii moja ya longitudo magharibi ya meridiani ya majira yenu (longitudo ambayo saa za eneo lenu zimewekwa kwayo) huichelewesha kwa dakika 4, na mashariki huiwahisha kwa dakika 4. Juu ya hapo, mwanzoni mwa Novemba inatangulia kwa dakika 16 hivi na katikati ya Februari inachelewa kwa dakika 14. Katika ukanda wa tropiki njia hii hufa siku ambazo jua liko karibu na utosi, kwa kuwa kivuli kinakuwa kifupi mno. Hapo tumia vivuli viwili vya fimbo moja iliyosimama wima, cha asubuhi na cha alasiri, vyenye urefu uleule: mstari unaounganisha ncha zake unaelekea mashariki-magharibi.

Uamuzi: programu za simu zinabaki kwa ziara ya kwanza ya kuangalia tu kama paa linafaa kupimwa. Hazitaingia kwenye ripoti, kwa kuwa nyingi huonyesha njia ya jua kwenye kioo na fundi huondoka bila rekodi inayoweza kukaguliwa. Zile zinazohifadhi picha pamoja na alama ya jua la kweli tutazitazama tena.

Ingizo la 4: Mwinuko, na mahali pa kusimama

Mwinuko una makosa machache kuliko kaskazini, lakini una yake.

Klinometa ya simu au pimamaji ya kidijitali ikaguliwe kabla ya kila kazi. Iweke juu ya ubao ulionyooka, soma, igeuze nyuzi 180 mahali palepale, soma tena. Masomo mawili yakiwa +0.8 na −0.2, basi kosa la kifaa ni wastani wake, +0.3, na ubao wenyewe umeinama kwa 0.5. Toa 0.3 kwenye kila somo. Simu yenye kava nene au kamera iliyochomoza mgongoni haikai bapa. Vua kava, na tumia ubavu wa simu.

Urefu wa mti usiofikika unapatikana kwa umbali na pembe: zidisha umbali wa mlalo kwa tanjenti ya pembe, ongeza urefu wa jicho. Umbali uwe hadi katikati ya shina kwa mti mwembamba, na hadi chini ya ncha ya juu kwa mti ulioinama. Wengi hupima hadi shina kisha hutazama tawi lililo mita tatu mbele ya shina.

Kilichotuchukua muda zaidi ni mahali pa kupimia. Lenzi au kuba lazima iwe kwenye usawa wa paneli, si usawa wa kifua. Fikiria tangi la maji ambalo kilele chake kiko mita 1.2 juu ya ukingo wa chini wa paneli. Pembe (yaani kona) ya safu ya paneli iliyo mita 2 kutoka tangi hilo inaliona kwenye digrii 31. Pembe iliyo mita 8 inaliona kwenye digrii 8.5. Kipimo kimoja cha katikati, mita 5, kinasema digrii 13.5, na hakuna paneli hata moja ya mwisho inayoishi na namba hiyo. Kwa sababu hiyo tumeweka kanuni ya pembe nne za safu, na safu ndefu kuliko mita 6 iongezewe kipimo katikati ya kila ukingo mrefu. Vipimo vyote vinahifadhiwa kimoja kimoja. Wastani unakokotolewa mwishoni kwa ajili ya nishati ya mwaka tu.

Vilima na majengo ya mbali ni habari nyingine. Kizuizi kilicho mbali zaidi ya mara kumi ya upana wa safu kinaonekana karibu sawa kutoka kila pembe, kwa hiyo kipimo kimoja kinatosha.

Vitu vyembamba vinahitaji busara yake. Jua si nukta; upana wake angani ni nusu digrii na ziada kidogo. Kwa hiyo kivuli kamili cha kitu kinaishia kwenye umbali wa takribani mara 107 ya unene wake, na baada ya hapo kinabaki kivuli hafifu. Waya wa milimita 10 hauna kivuli kamili kupita mita 1.1 hivi. Nguzo ya antena ya milimita 25 hufika mita 2.7. Nguzo ya umeme ya milimita 250 hufika karibu mita 27. Hesabu hii imetusaidia kuamua kipi kichorwe kwenye mstari wa upeo na kipi kiachwe, mahali ambapo mafundi walikuwa wakibishana bila msingi.

Ingizo la 5: Latitudo inageuza umuhimu wa kila kosa

Maelekezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa latitudo za kati, ambako jua la kipupwe hupita chini, upande mmoja tu. Karibu na ikweta hesabu ni nyingine, na kifaa kilichosifiwa kwingine kinatakiwa kithibitishwe upya.

Kwenye latitudo 35, siku fupi, jua la adhuhuri hufika digrii 31.6 tu. Ukuta unaofika digrii 30 upande wa jua unafunika karibu siku nzima. Kwenye ikweta jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 66.6 siku yoyote ya mwaka. Ukuta uleule wa digrii 30, ukiwa kaskazini halisi au kusini halisi, hauwezi kuzuia jua la moja kwa moja hata siku moja, kwa sababu jua likiwa chini ya digrii 30 liko mashariki au magharibi, si karibu na kaskazini kuliko digrii 62 hivi. Ukiwa mashariki, unaachia jua kati ya saa 2 kamili na saa 2 na dakika 12 asubuhi kwa saa ya jua, mwaka mzima, kwa tofauti hiyo ndogo tu.

Asubuhi ya ikweta jua hupanda karibu wima: kati ya digrii 13 na 15 kwa saa, huku mwelekeo wake wa dira ukibadilika polepole. Kwa hiyo kosa la digrii 10 la dira linaathiri kingo tu za kizuizi kipana cha mashariki, ilhali kosa la mwinuko linageuka moja kwa moja kuwa muda, digrii moja kwa dakika 4 hivi. Kadiri adhuhuri inavyokaribia hali inapinduka: mwezi Juni na Desemba, jua la ikweta linazunguka zaidi ya digrii 34 za dira kwa saa. Vizuizi vinavyofika juu kiasi hicho ni vile vilivyo karibu sana, kama tangi, ukuta wa ghorofa jirani, au mti ulioegemea paa, na hapo ndipo picha kutoka kila pembe ina faida kuliko orodha ya pembe chache za klinometa.

Kuna pia mwanga uliotawanyika, ambao hutoka anga lote. Ukuta wa kaskazini uliotajwa haukati jua la moja kwa moja lakini unakata anga. Kwa paneli iliyolala bapa, vizuizi vikiizunguka kwa digrii 10 pande zote, inapoteza asilimia 3 ya anga. Kwa digrii 20 karibu asilimia 12. Kwa digrii 30 asilimia 25. Penye mawingu mengi hasara hiyo ni kubwa kuliko ya jua la moja kwa moja, na mchoro wa njia za jua peke yake haukuonyeshi.

Ingizo la 6: Picha ya digrii 360

Hiki ndicho kifaa kikuu kilichobaki. Picha ya mduara mzima ikihifadhiwa katika umbo la mstatili wenye upana mara mbili ya kimo, kila pikseli ya mlalo ni pembe ileile ya dira na kila pikseli ya wima ni pembe ileile ya mwinuko. Picha yenye pikseli 5,400 kwa 2,700 inatoa pikseli 15 kwa kila digrii. Usawa wa macho, digrii 0, uko safu ya 1,350 ya pikseli kutoka juu. Ncha ya mti iliyo safu ya 900 iko (1,350 − 900) ÷ 15 = digrii 30. Katikati ya picha, safuwima ya 2,700, ndiko lenzi ya mbele ilikoelekea. Kitu kilicho safuwima ya 3,150 kiko digrii 30 kulia kwake.

Hatua kwa kila pembe ya safu:

1. Linganisha saa ya kamera na saa ya mtandao. Tofauti isizidi nusu dakika.
2. Funga kamera juu ya stendi fupi yenye pimamaji ya duara, lenzi ikiwa usawa wa ukingo wa paneli. Paa lisilokanyagika, tumia fimbo ndefu ya plastiki imara badala ya alumini, na ukae mbali kabisa na nyaya za umeme.
3. Elekeza lenzi sambamba na mgongo wa paa. Hii ni akiba ikiwa jua halitaonekana.
4. Fundi ajifiche chini ya usawa wa kamera. Kichwa chake kikionekana kitachorwa kama kizuizi.
5. Piga picha mbili: moja ya kawaida, moja yenye mwanga mdogo ili duara la jua lionekane wazi.
6. Andika kwenye fomu: namba ya pembe, saa, urefu wa lenzi, na aina ya kila mti.

Kamera nyingi husawazisha picha zenyewe kwa kihisi cha ndani. Mipangilio hiyo iwashwe au izimwe kwa makusudi na iandikwe. Stendi iliyosawazishwa pamoja na kihisi chenye kosa la digrii 1.5 hutoa upeo uliopinda kama wimbi, upande mmoja juu na wa pili chini. Penye upeo wa bahari au uwanda mpana wimbi hilo linaonekana kwa macho. Mahali pengine mwinuko wa jua ndio unaolifichua, ila kwa upande ule tu ambako jua lipo, kwa hiyo picha ya asubuhi na ya alasiri zina thamani kuliko mbili za asubuhi.

Matawi yenye mapengo tumeamua kuyachora kuwa kizuizi kamili. Majani hukua, na pengo la leo si la kutegemewa. Miti inayopukutisha huchorwa mara mbili, na majani na bila majani, kila mchoro kwa miezi yake.

Ingizo la 7: Programu za hesabu

PVGIS ya Tume ya Ulaya ni ya bure na ina upeo wa milima ndani yake, lakini upeo huo unatokana na gridi ya mwinuko wa ardhi ya takribani mita 90. Nyumba na miti haimo. Inakubali mstari wa upeo wako: orodha ya miinuko kwa nafasi sawa kuanzia kaskazini kwenda kulia, mfano thamani 36 za kila digrii 10. Hapo kuna mtego. Kwa mwelekeo wa paneli, PVGIS ileile huhesabu kutoka kusini: 0 ni kusini, −90 ni mashariki, 90 ni magharibi. SAM huhesabu kutoka kaskazini, 90 ikiwa mashariki. Kila programu mpya ijaribiwe kwanza kwa kizuizi bandia: weka ukuta wa digrii 60 upande wa mashariki pekee, kisha hakikisha ni asubuhi ndiyo inayopotea.

SAM inapokea jedwali la hasara kwa mwezi na saa, au kwa mwelekeo na mwinuko wa jua, na nafasi tofauti ya hasara ya mwanga uliotawanyika. Hilo la mwisho limeipa nafasi katika seti yetu.

Miundo ya satelaiti haijaondolewa, ila imepangiwa kazi yake. Nguvu yake ni mpangilio wa paneli na vizuizi vya karibu vya paa lenyewe. Udhaifu wake ni urefu wa miti. Mti wa mita 12 ulio mita 15 kutoka paneli zilizo mita 3 juu ya ardhi una mwinuko wa digrii 31. Ukikadiriwa kuwa mita 9, mwinuko unashuka hadi digrii 21.8, na kwenye ikweta ripoti inakupa dakika 37 za jua lisilokuwepo, kila asubuhi. Picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka iliyopita, kabla ya ghorofa jirani. Kanuni: hakuna muundo wa satelaiti unaokubaliwa bila miinuko mitatu iliyothibitishwa kwa klinometa, mmoja ukiwa wa mti mrefu kuliko yote.

Ingizo la 8: Kivuli kikifika kwenye nyaya

Paneli ya kawaida ya seli 60 ina mafungu matatu ya seli 20, kila fungu na dayodi yake ya mchepuko. Seli moja ikifunikwa, mkondo wa fungu lake lote unashuka. Dayodi inafungua njia ya pembeni na theluthi ya volteji ya paneli inapotea. Seli zimepangwa safuwima 6 za seli 10, fungu moja likiwa safuwima mbili. Kivuli kinacholala kwenye ukingo mfupi wa paneli iliyosimama (upande mrefu ukifuata mteremko wa paa) kinagusa mafungu yote matatu, na paneli nzima inazimika kwa kivuli cha upana wa seli moja. Ilaze paneli hiyohiyo kwa ubavu wake mrefu, kivuli kilekile kinagusa fungu moja. Paneli ya nusu-seli 120 ina nusu ya juu na ya chini zilizounganishwa sambamba, kwa hiyo ikisimama na kufunikwa chini inabaki na karibu nusu ya uwezo.

Hii ndiyo sababu ya kutaka saa na mahali. Tukijua kwamba kivuli cha ukuta hupanda kutoka ukingo wa chini kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, tunalaza paneli au tunachagua za nusu-seli. Tukijua kwamba paneli tatu za mashariki hufunikwa asubuhi na nyingine hazifunikwi, tunazitenga kwenye mfululizo wake (paneli zilizounganishwa moja baada ya nyingine) na kwenye kifuatilia-nguvu (MPPT) chake cha inveta. Mifululizo miwili iliyounganishwa sambamba, mmoja una kivuli na mwingine hauna, haikubaliani volteji. Baadhi ya inveta zina utafutaji wa kilele halisi cha nguvu penye kivuli, lakini mpangilio huo huhitaji kuwashwa. Tumeuongeza kwenye fomu ya makabidhiano. Optimaiza (vifaa vinavyodhibiti nguvu ya kila paneli peke yake) na inveta ndogo za kila paneli husaidia paneli zinapotofautiana. Kivuli kinachofunika safu yote kwa pamoja hakina cha kuokolewa.

Katika PVsyst, hesabu ya kivuli ya mstari tu (inayopunguza umeme kwa uwiano wa eneo lililofunikwa) hutoa hasara ndogo kuliko ukweli kwa vivuli vya namna hii. Tumia hesabu kwa mifululizo, au mpangilio kamili wa moduli.

Ingizo la 9: Seti iliyokubaliwa na yaliyobaki

Seti ya fundi: kamera ya digrii 360, stendi fupi yenye pimamaji ya duara, fimbo ya plastiki ya kurefusha, pimamaji ya kidijitali, futi ya mita 30, uzi na timazi, dira ya mkono kwa ajili ya ardhini, na fomu ya pembe nne. Ofisini: SAM kwa hesabu ya mwaka, PVGIS kwa ulinganisho wa haraka wa upeo wa mbali. Kuba moja ya kuakisi inabaki kwa siku za mawingu mazito na kwa kukagua kamera. Mchoro wake uandikwe latitudo kwa wino mzito mgongoni.

Bado kuna mambo matatu. Fomu haina nafasi ya kuonyesha ni njia ipi ya kaskazini iliyotumika na masahihisho yake yalikuwa digrii ngapi; iongezwe kabla ya ukaguzi unaofuata, na masahihisho yanayozidi digrii 5 yaambatane na picha ya jua. Jedwali la kugeuza safu na safuwima za pikseli kuwa orodha ya thamani 36 linachukua wastani wa mwinuko ndani ya kila digrii 10, jambo linalofuta vizuizi vyembamba na virefu. Libadilishwe lichukue mwinuko wa juu kwa vizuizi vya karibu, na wastani kwa vilima pekee. La tatu ni miti michanga: fomu inarekodi aina na urefu wa sasa, lakini hesabu inatumia urefu wa sasa tu. Tunaandaa hesabu ya pili kwa urefu wa mti uliokomaa, ili mteja aone namba zote mbili kabla ya kutia sahihi.